Nilivyochagua tabibu wa Final Fantasy XIV nikiwa Dar es Salaam

Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni inayochezwa kwa vikosi, ina matabibu wanne, yaani wahusika wa kuponya wenzao: White Mage, Scholar, Astrologian na Sage. Yeyote kati yao anaweza kukivusha kikosi hadi mwisho wa gemu, kwa hiyo kuuliza nani ana nguvu zaidi hakukunifikisha popote. Kilichonisaidia ni kuuliza ni yupi vitufe vyake vinaitika kwa wakati ilhali seva iko Ulaya na mimi niko Dar es Salaam. Gemu hii haina seva Afrika. Vituo vyake viko Japani, Amerika Kaskazini, Ulaya na Oceania, na kwa sisi wa Afrika Mashariki Ulaya ndiyo jirani. Kwangu pingi, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi, hucheza kati ya milisekunde 160 na 200 nikitumia waya. Nikitumia Wi-Fi jioni, inapanda na kushuka bila mpangilio, na tabibu huumizwa zaidi na pingi inayoyumba kuliko pingi kubwa iliyotulia.

Mzizi wa yote ni zamu ya sekunde 2.5. Kila pigo la kawaida na kila tiba ya kawaida hula zamu moja. Pigo la msingi la matabibu wote wanne huchukua sekunde 1.5 kupigwa, kwa hiyo inabaki sekunde 1 kabla ya zamu inayofuata. Katika nafasi hiyo ndipo unapochomekea vitufe vya pembeni, yaani tiba na kinga ambazo hazihesabiwi kwenye zamu. Kila kitufe cha pembeni humfunga mhusika wako kwa takriban sekunde 0.6, na pingi inajumlishwa juu yake. Kwa pingi ya 180 hiyo ni karibu sekunde 0.8. Kitufe kimoja kinaingia, cha pili kinaisukuma zamu inayofuata. Ukilichukulia hilo kama jambo dogo, mwisho wa pambano la bosi, yule adui mkuu, utakuta umepoteza mapigo kadhaa, na mbaya zaidi kuna tiba zilizofika baada ya mtu kuanguka.

Zamu ya papo kwa papo, isiyo na muda wa kupigwa, ni habari nyingine. Yenyewe inafunga sekunde 0.8, vitufe viwili vya pembeni vinakula 1.6, jumla 2.4. Vimeingia, kwa nafasi finyu. Hivyo nilipoanza kupima matabibu nilihesabu kwanza: huyu ana zamu ngapi za papo kwa papo, na anadai kuchomekewa vitufe vingapi?

White Mage alishinda kwa hesabu hiyo. Kuanzia levo ya 52 yungiyungi moja huchanua kila sekunde 20 za mapigano, na unaweza kulimbikiza hadi 3. Yungiyungi moja hununua Afflatus Solace kwa mtu mmoja, au ukifika levo ya 76, Afflatus Rapture kwa kikosi kizima. Zote mbili ni za papo kwa papo na hazili MP (nguvu ya kupigia tiba) hata moja. Ukishatumia matatu, kuanzia levo ya 74, inafunguka Afflatus Misery, pigo lenye uzito unaokaribia Glare (pigo lake la msingi) nne, kwa hiyo zamu ulizoponyea zinarudi karibu zote kama mapigo. Mtu anayekaa na mayungiyungi 3 yaliyojaa akiogopa kuyatumia anapoteza, kwa sababu la nne halichanui. Mimi nikifikisha 2 natafuta sababu ya kutumia moja, hata kama sababu yenyewe ni kupata nafasi ya kuchomekea vitufe viwili vya pembeni, Assize na Lucid Dreaming, kwa pamoja.

Scholar nilimkaribia kwa wasiwasi kwa sababu ya wingi wa vitufe vyake, na ni kweli ni vingi. Lakini ana jambo moja ambalo wenye pingi kubwa wanapaswa kulijua. Excogitation, ya levo ya 62, unamwekea mapema tanki, yaani mwenzio anayesimama mbele kupokea mapigo. Damu yake ikishuka chini ya nusu, inafyatuka yenyewe kule kule kwenye seva. Isipofyatuka ndani ya sekunde 45, inaponya inapoisha. Pingi haina nafasi pale, kwa sababu kidole chako kilishamaliza kazi. Kardia ya Sage ni hivyo hivyo: ukishamfunga mtu, kila Dosis (pigo la msingi la Sage) unayompiga adui inamrudishia yule mtu damu. Kwa hiyo mwenye intaneti mbovu lakini anayeijua danjoni, yaani pango la mapigano, vizuri, anayejua pigo kubwa linakuja lini, anaweza kumwendesha Scholar kwa raha. Tatizo ni danjoni usiyoijua. Adloquium, tiba yake ya kuweka ngao, inachukua sekunde 2 kupigwa, na ngao iliyowekwa baada ya pigo haimsaidii mtu. Pia Aetherflow inakupa alama 3 tu kwa sekunde 60, na Lustrate, Sacred Soil, Indomitability na Excogitation zote zinagombea hizo hizo 3. Ruin II ni ya papo kwa papo na inakufungulia nafasi ya kuchomekea, ila ni dhaifu kuliko Broil, pigo lake la msingi; kila ukiitumia unalipa.

Astrologian nilimwacha bila kusitasita, ingawa ndiye mzuri kuliko wote kumtazama. Tangu toleo la Dawntrail la 2024 kadi zake hazibahatishwi tena kama zamani, lakini bado kila dakika au chini kidogo unavuta, unagawa kadi kwa watu tofauti, na juu yake kuna Divination ya kukiongezea kikosi nguvu na Earthly Star, nyota ya tiba inayowekwa ardhini. Earthly Star inahitaji sekunde 10 chini ili ikomae; ukiilipua kabla, umeponya nusunusu. Lightspeed inafuta muda wa kupiga kwa sekunde chache na kukupa nafasi, lakini haipo kila wakati. Kwa pingi yangu nilikuwa nachagua kati ya kugawa kadi na kuponya. Mwenye milisekunde 40 hatalazimika kuchagua.

Kupima nilitumia The Aurum Vale, danjoni ya levo ya 47, mara tatu kwa kila tabibu. Niliichagua kwa sababu chumba cha kwanza makundi ya wanyama yamekaa karibu karibu, na tanki akikosea hatua moja yanakuja mawili au matatu kwa pamoja. Bosi wa kwanza, Locksmith, anawajaza watu alama ya sumu inayoongezeka, na inaondolewa kwa kula tunda lililoko uwanjani. Wageni wengi hawajui, wanamwachia tabibu abebe sumu ya watu wanne mpaka MP inakauka. Waambie kabla ya kuanza: alama zikifika mbili au tatu, kula. Nilichokuwa naandika kwenye karatasi ni vitu viwili tu: MP iliyobaki baada ya kila pambano, na mara ngapi tanki alishuka chini ya robo nikiwa katikati ya kupiga tiba. White Mage alikuwa na Holy, ya levo ya 45, ambayo licha ya kuumiza huwapigisha bumbuwazi maadui: sekunde 4 mara ya kwanza, 2 mara ya pili, 1 mara ya tatu, kisha hawashikwi tena. Hizo sekunde 7 tanki hapigwi kabisa. Ila Holy hulipuka ulipo wewe, kwa hiyo usisimame nyuma mbali kama picha za waganga wa hadithi zinavyoonyesha. Ingia katikati ya maadui, begani kwa tanki.

Kabla ya kumlaumu tabibu uliyemchagua, panga kwanza skrini. Orodha ya kikosi huja kona ya juu kushoto, ndogo. Niliihamishia karibu na katikati na kuikuza hadi 140%. F1 hadi F8 humchagua mtu kwa mpangilio wa orodha, F1 ukiwa wewe mwenyewe, na mtumiaji wa pedi anapanda na kushuka kwa mishale ya juu na chini. Wengine hutengeneza makro, yaani amri zilizoandikwa mapema ndani ya kitufe kimoja, ili waponye mtu kwa kumwelekezea kipanya tu. Nilijaribu, nikaacha: kitufe cha makro hakikai foleni kusubiri zamu iishe, ni lazima ukibonyeze zamu ikiwa wazi, na juu ya pingi ya 180 hilo ni mzigo wa pili. Jambo jingine la kuzoesha macho ni mstari mweupe mdogo juu ya alama ya ugonjwa kwenye orodha. Ugonjwa wenye mstari huo unatoka kwa Esuna, tiba ya kuondoa magonjwa. Usio nao hautoki, na Esuna yako ya MP 400 imekwenda bure.

Hesabu ya MP ni rahisi lakini watu wanaipuuza. Tangi ni 10,000 kwa kila tabibu. Cure II inakula 1,000. Raise inakula 2,400, yaani kufufua watu wanne mfululizo kunakuacha na 400. Raise pia inachukua sekunde 8 kupigwa. Swiftcast inaifanya ya papo kwa papo, kwa hiyo Swiftcast naihifadhi kwa maiti, siichezei. Lucid Dreaming naibonyeza MP ikishuka kama 8,000, sisubiri ifike 3,000, kwa sababu inarudisha kidogo kidogo kwa sekunde 21 na hurudi kila sekunde 60. Ukichelewa mara mbili tu katika pambano refu hutaipata tena ile MP.

Cure ya kwanza iondoe kwenye safu ya vitufe ukishapata Cure II ya levo ya 30. Kuna imani kwamba inafaa kuendelea kuipiga kwa sababu ina bahati ya 15% ya kufanya Cure II inayofuata iwe bure. Ukikokotoa, unapiga karibu Cure saba za MP 400 kila moja kungojea bure moja ya 1,000, na wakati huo hujapiga adui hata mmoja.

Kupiga adui ndiko wengi wanakokosea. Katika kikosi cha watu 4 kuna tanki mmoja, washambuliaji wawili na wewe. Tabibu anayesimama akitazama damu iliyojaa amewanyima wenzake sehemu kubwa ya mapigo, na pambano refu huleta majeraha mengi zaidi. Utaratibu wangu: Dia au Aero, mapigo yanayoumiza kidogo kidogo, iwe juu ya adui muda wote, zamu nyingine zote Glare au Holy, damu ya tanki iachwe ishuke mpaka karibu nusu ndipo kitufe cha pembeni kiingie. Tetragrammaton, tiba ya pembeni, kwanza. Kisha yungiyungi. Cure II mwisho kabisa. Benediction inamjaza mtu damu yote lakini inarudi baada ya sekunde 180, na damu haipandi papo hapo unapobonyeza. Kwa pingi yetu ibonyeze tanki akiwa na robo, usingoje 5%. Tanki akifa na Benediction iko wazi kwenye safu yako, hilo ni la kwako. Akifa bila kubonyeza kinga yake hata moja mbele ya makundi matatu, hilo si la kwako, mwambie kwa upole abonyeze.

Rescue, ile ya kumvuta mwenzio kuja ulipo, niliitoa kwenye safu. Kwa milisekunde 180 unamvuta kutoka mahali alipokuwa, na mara nyingi ameshajiokoa mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, alama ya rangi ya chungwa ardhini iondokee mapema: seva inaamua nani kapigwa pale mstari wa bosi wa kuonyesha pigo linaandaliwa unapojaa, moto unaouona baadaye ni picha tu.

Kuhusu gharama, akaunti ya majaribio ni bure hadi levo ya 70, haina ukomo wa muda, na inatosha kuwapima watatu. White Mage anaanza kama Conjurer pale Gridania, mji wa ndani ya gemu, anabadilika levo ya 30. Scholar anatokana na Arcanist wa Limsa Lominsa, pia levo ya 30, na anashiriki levo na Summoner, kwa hiyo ukimpandisha mmoja wote wawili wamepanda. Astrologian anaanzia levo ya 30 moja kwa moja lakini yuko Ishgard, lazima hadithi kuu ikufikishe huko. Sage ndiye hayumo, alikuja na Endwalker ya 2021, anaanzia levo ya 70 na ni wa kununua. Ukishanunua gemu, akaunti hiyo hairudi tena kuwa ya majaribio, kwa hiyo maliza kupima kwanza. Mhusika mmoja anaweza kuwa tabibu wote wanne kwa kubadilisha silaha tu.

Kwenye kikosi cha watu 8 matabibu ni wawili, na hapo naangalia mwenzangu ni nani kabla ya kuhesabu kuanza. Akiwa Scholar au Sage, namwachia ngao zote za kabla ya pigo, mimi nabeba kurudisha damu. Wao wawili wakikutana ngao zao hazirundikani, mmoja anafuta kazi ya mwenzake. Akiwa White Mage kama mimi, naandika mapema kwenye gumzo la kikosi: Temperance (kinga ya kikosi) yako pigo kubwa la kwanza, yangu la pili. Inarudi kila sekunde 120, na zikibonyezwa pamoja kinga ni ile ile ya 10%.