Dola 18 kwa Glasi ya Mahindi

Jumamosi iliyopita nililipa dola 22 na senti 68 kwa glasi moja ya pombe, na mpaka leo moyo haujatulia. Menyu iliandika dola 18. Juu yake ikapanda kodi ya jimbo, asilimia 6, kisha bakshishi ya asilimia 20. Bakshishi si hiari kama mnavyodhani. Hapa Kentucky, Marekani, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu wa baa dola 2 na senti 13 kwa saa, mengine ayapate mikononi mwa wateja. Usipoacha kitu umemnyima chakula cha watoto. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja, bei ya kwenye menyu usiiamini, iongezee robo kabla hujafungua mdomo kuagiza.

Dola moja ni kama shilingi 129 za kwetu Kenya. Walioko Kakamega mnajua gunia la mahindi linauzwaje mavuno yakiwa mazuri. Pigeni hesabu wenyewe.

Nataja mahindi kwa sababu ndiyo niliyouziwa. Kinywaji kile kinaitwa Old Fashioned, na hapa Louisville hukitengeneza kwa bourbon, wiski ya Marekani ambayo kisheria angalau asilimia 51 ya nafaka yake lazima iwe mahindi. Ongeza sukari, maji kidogo, matone ya dawa chungu na ganda la chungwa. Hakuna kingine. Gazeti moja la mji wa Hudson, New York, lilieleza mwaka 1806 kwamba kokteli ni pombe kali, sukari, maji na dawa chungu, na mpaka leo hakijabadilika. Baadaye wenye baa walipoanza kutia makolokolo, wazee wakawa wanaagiza kile cha mtindo wa zamani, na jina likakaa.

Nilipoonja, nilimwona Kukhu, bibi yangu. Nilimwona nyuma ya jiko, moshi wa kuni machoni, kangara, yale mahindi yaliyochachuka, ikichemka ndani ya pipa, karai la maji baridi juu, mvuke ukigonga chini ya karai na kudondoka tone kwa tone. Harufu ya mahindi yaliyogeuka moto.

Kukhu alipika chang'aa, pombe kali ya kienyeji iliyokuwa marufuku, miaka yote niliyosoma. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye lile pipa, na viatu, na godoro la bweni. Askari walipokuja walimwaga kangara yote uani, kuku wakailewa, naye akapelekwa rumande. Mara mbili nakumbuka vizuri, kwa sababu mara ya pili ilikuwa wiki ya kufungua shule. Nilipoulizwa darasani mlezi wangu anafanya kazi gani, nilijibu mkulima. Mwanamke aliyenisomesha nilimficha.

Huku watu wanapanda mabasi kwenda kutazama mitambo ya bourbon. Wanapiga picha na mapipa, wanalipa kiingilio. Mwaka 1964 Bunge lao lilipitisha azimio kwamba bourbon ni bidhaa ya pekee ya Marekani. Na si kwamba hawakuwahi kuimwaga. Kuanzia 1920 hadi 1933 walipiga pombe marufuku nchi nzima, wakavunja mapipa barabarani. Kisha wakairudia, wakaiwekea kanuni: ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, iingie humo ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5, ifungwe kwenye chupa isiyopungua 40. Kanuni zikawa heshima.

Siwatetei wanaotia methanoli wakapofusha watu, hao waende jela. Lakini sheria ya Kenya ya 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliruhusu chang'aa kwa leseni na chupa za kioo. Mama wa kijijini mwenye jiko la kuni atatoa wapi mtambo wa kufunga chupa? Mlango ulifunguliwa, ila kizingiti kikawekwa shingoni. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata zile dola.

Tangu siku ile najitengenezea nyumbani. Jirani yangu, mzee mjane, alinikuta ngazini nikilalamika kuhusu bili, akacheka, akaniita jikoni kwake. Miaka sita katika jengo hili, hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kukaribishwa kuketi. Akanionyesha kwa utaratibu kabisa.

Unaweka kijiko kidogo cha sukari kwenye glasi nene. Unadondosha Angostura, ndiyo ile dawa chungu, mara mbili au tatu, ile chupa ndogo yenye karatasi iliyoizidi ukubwa. Inatoka Trinidad, lakini aliyeianzisha alikuwa daktari Mjerumani nchini Venezuela mwaka 1824, akitafuta dawa ya tumbo. Unatia maji kidogo, unaponda mpaka sukari iyeyuke, halafu mililita 60 za bourbon. Barafu iwe donge moja kubwa, maana vipande vidogo huyeyuka haraka na kukuachia maji matupu. Unakoroga taratibu kama nusu dakika. Usitikise, kitajaa hewa na kupoteza umbo lake mdomoni. Mwisho unakata ganda la chungwa bila ile nyama nyeupe, unalikamua juu ya glasi mafuta yake yaruke, unalitumbukiza.

Chupa ya dola 30 inatoa glasi kumi na mbili. Yaani dola mbili na nusu kila moja.

Ila nisikilizeni, hasa wadogo zangu mnaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee kama mimi. Ni pombe kali, haijifichi ndani ya soda. Moja inatosha. Na ukishakunywa, funguo za gari zikae mezani, kwa sababu kesi moja ya kuendesha ukiwa umelewa inaweza kukuvurugia karatasi za uhamiaji ulizozingoja miaka. Msimu wa baridi wa kwanza ndio mbaya zaidi. Nimeona watu wazuri wakizama humo.

Desemba nilikwenda nyumbani na chupa moja kwenye begi. Barafu niligandisha Kisumu kwa dada yangu, ndani ya mkebe wa Blue Band, nikaibeba hadi Kakamega kwenye jagi la chai. Nilitumia sukari nguru, nikaiparuza kwa kisu, na naapa ilishinda ile ya Louisville, ina moshi na utamu mzito wa muwa. Chungwa lilikuwa la kwetu, la kijani, ganda gumu lakini mafuta tele.

Kukhu alikataa barafu kwa sababu ya meno. Alinusa kwanza, muda mrefu, kama alivyokuwa akinusa tone la kwanza kutoka kwenye pipa. Akaonja.

"Haya ni mahindi," akasema. "Na rangi hii?"

Nikamweleza kuhusu mwaloni uliochomwa, kwamba hii imekaa humo miaka minne bila kuguswa.

Akaiweka glasi chini. "Miaka minne? Na karo yako ya muhula wa pili ningelipa na nini?"

Akaichukua tena, akamaliza yote, akaniambia nimwongezee, safari hii bila maji.