Laki mbili ambazo sikumwambia mume wangu

Mume wangu ni mwanajeshi, sa hivi ana mwezi wa saba yuko Berbérati, Afrika ya Kati, na kikosi chetu cha Tanzania kilicho chini ya MINUSCA, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani kule. Naandika kwa ajili ya akina mama ambao waume zao ndo wanaondoka mara ya kwanza, maana mimi hili hakuna aliyeniambia.

Kabla hajaondoka tulipanga kila kitu, mshahara unaingia akaunti ya hapa nyumbani, kadi nabaki nayo mimi, ada, chakula, luku, marejesho ya mkopo, kinachobaki kinaenda kwenye nyumba tunayojenga, na hela ya misheni tukasema haiingii kwenye hesabu mpaka tuione. Alipofikisha miezi mitatu mama mkwe akanipigia, shemeji yako atafukuzwa chuo, laki mbili tu mwanangu. Nikatuma. Kwa mume wangu nikanyamaza, nikasema mtu yuko kazini na silaha, nimsumbue na laki mbili?

Hela yenyewe niliitoa kwenye saruji. Tulipanga mifuko 20, nikanunua 8, akiniuliza nikasema 20.

Usiku mmoja akapiga, sauti imepoa, kumbe mdogo wake alishampigia kumshukuru, na ile picha ya saiti niliyomtumia ameivuta akahesabu mifuko mmoja mmoja. Badala ya kuomba msamaha nikawaka, nikamwambia ananifanya mwizi, simu ikakatika na sikujua ni mtandao au amekata mwenyewe. Siku nne kimya. Jamani, siku nne za mtu aliye kule ni ndefu.

Ya tano ikaja voisi: "Mke wangu, hiyo laki mbili ningetoa hata mimi. Huku niliko, nyumbani kwangu napaona kwenye hizo picha zako tu, ukinidanganya moja nyingine zote nitaziangaliaje?" Niliisikiliza jikoni, maharage yakaungulia hapo hapo.

Sa hivi tunaongea hela Jumapili tu, saa 3 usiku huku, kwao saa 1 jioni. Mchana napiga picha ukurasa wa kaunta buku namtumia, kila kitu kimo mpaka 2,000 ya bodaboda, asome kwanza akiwa ametulia. Usiku tunaanza na watoto, hela baadae, mtandao ukigoma tunatumiana voisi. Na yeye anasema ya kwake, ndo nikajua alimkopesha mwenzake hela na alikuwa anaogopa kuniambia. Kitu chochote nje ya mpango kikizidi 50,000 lazima meseji kwanza, ndugu akiomba namjibu ngoja niongee na mwenzangu. Mama mkwe alininunia wiki mbili hivi, sasa anampigia mwanae moja kwa moja.

Jumapili iliyopita hesabu ziliisha dakika 10, muda wote uliobaki tukabishana dirisha la jikoni liangalie barabarani au kwenye mwembe. Mimi nataka mwembe.