Nilivyotafuta Kiswahili cha "sorry" mjini Shepparton

Mume alikuwa anachechemea, mke amebeba Biblia na chupa ya mafuta ya kupaka. Walifika wa kwanza, saa kumi jioni kamili, jambo ambalo sisi Wakongo hatulifanyi hata kwenye harusi za watoto wetu.

"Dada, mtumishi ameshafika?" mama akaniuliza.

Mtumishi gani tena? Akatoa simu, akanionyesha tangazo langu mwenyewe: WIKI YA UPATANISHO NA UPONYAJI, KARIBUNI NYOTE. Goti la mzee lilikuwa linamsumbua tangu msimu wa peasi, na mkewe aliona Mungu si Athumani, uponyaji umeletwa hapa hapa Shepparton, mji wetu huku Australia, bila nauli ya kwenda Melbourne. Siku hiyo walikuja watu tisa. Wanne kati yao walikuja kuombewa.

Hiyo ilikuwa Mei 2024, jaribio langu la kwanza la kuwaalika wanaosema Kiswahili kwenye wiki ya upatanisho ya huku. Naandika haya kwa sababu la pili, la 2025, lilikwenda vizuri, na wenzangu wa miji mingine wameniuliza nilifanyaje. Sikufanya kubwa. Nilibadilisha maneno, na nilianza kwa mtu niliyepaswa kuanza kwake.

Kwa asiyeijua Australia, Mei ni mwezi uliojaa wiki. Kuna wiki ya wanaojitolea, na jimbo letu la Victoria lina wiki ya sheria. Tarehe 26 ni Sorry Day, halafu kuanzia tarehe 27 hadi 3 Juni ni wiki ya upatanisho kati ya wenyeji wa asili na sisi wengine tuliokuja baadaye. Tarehe hizo hazikuokotwa njiani. Tarehe 27 Mei 1967 wananchi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali katiba ibadilishwe ili wenyeji wa asili wahesabiwe kwenye sensa kama watu wengine. Tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya Eddie Mabo wa visiwa vya Torres Strait, kwamba Waingereza hawakukuta ardhi isiyo na mwenyewe.

Mimi nilitoka Baraka, nikavuka Ziwa Tanganyika mgongoni mwa mama, nikakulia kambini Nyarugusu kule Kasulu. Hapa napaki matunda. Nilipoombwa na watu wa mtaa niwaalike wanaosema Kiswahili kwenye shughuli za Mei, nilikaa mezani na kamusi, nikatafsiri neno kwa neno, nikatuma. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Uponyaji" limeshachukuliwa na makanisa, ukilitamka tu mtu anatafuta kiti cha mbele. "Kujitolea" nalo lina historia yake. Kambini mfanyakazi wa kujitolea alikuwa analipwa posho, ndogo lakini posho, kwa hiyo vijana wawili walinipigia simu kuuliza ya huku ni dola ngapi kwa siku. Nilipowaambia hakuna, mmoja akanijibu kwa adabu sana kwamba basi hiyo si kujitolea, hiyo ni kutumikishwa. Na "upatanisho"! Mkongo wa umri wangu akilisikia neno hilo anawaona wakubwa wa vita wakigawana viti. Mwaka 2003 tulipatanishwa tukapewa rais mmoja na makamu wanne, na kijijini kwetu risasi ziliendelea kulia. Baba mmoja aliniuliza moja kwa moja: "Hawa wenyeji wanapatanishwa na nani, na nani kapewa wizara gani?"

Mwaka uliofuata niliweka kamusi kando, nikaenda kwa Anti.

Anti ni mama wa Kiyorta Yorta, kabila mojawapo la wenyeji wa asili, na Shepparton iko kwenye nchi ya watu wake. Mjukuu wake na mwanangu wanacheza timu moja, tulizoea kusimama pamoja pembeni ya uwanja tukitetemeka kwa baridi. Kila mtu anamwita Anti, wakiwemo wasio na undugu naye. Nilipomuuliza kwa nini, akaniuliza na yeye: kwenu mama mtu mzima mnamwitaje? Nikamwambia Mama, au Shangazi, hata kama ndiyo kwanza tumekutana. "Basi," akasema, na maelezo yakaishia hapo.

Nilimpelekea swali langu. Kiingereza kina neno moja tu, sorry. Ukimkanyaga mtu mguu ni sorry, ukimkuta amefiwa ni sorry. Sisi tumeyatenga. Ukikosa unasema samahani au unaomba radhi, na mwenzako akipatwa na jambo unampa pole, hata kama wewe hukuhusika kabisa. Sasa hii Sorry Day ni ipi?

Alifikiri muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba wao wakifiwa, siku zote zile za kukaa pamoja na kulia wanaziita sorry business. Nikamwambia sisi tunaziita matanga. Akaniambia pia kwamba tarehe 26 Mei 1997 ndiyo siku iliyopelekwa bungeni ripoti ya watoto wa wenyeji wa asili waliochukuliwa kwa nguvu na serikali na misheni, vizazi na vizazi, wakalelewe Kizungu, na kwamba dada wa mama yake alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa akiwa na miaka sita, akafundishwa kufua na kupiga deki nyumba za watu. Waliomba serikali iseme sorry kwa miaka mingi. Ilisema tarehe 13 Februari 2008, kwa mdomo wa waziri mkuu Kevin Rudd.

"Kwa hiyo ni yote mawili," nikasema. "Radhi inaombwa na aliyechukua. Sisi wageni tunaleta pole."

Nilirudi nyumbani nimetua mzigo. Swali lililonishinda 2024 lilikuwa la shemasi wetu, aliyesimama mbele ya watu akauliza, "Sisi tumeiba mtoto wa nani hata tuombe msamaha?" Sasa nilikuwa na jibu. Hatuendi kuomba msamaha, tunakwenda matangani. Na Mkongo hafundishwi kwenda matangani.

Tangazo la pili sikuliandika. Nilirekodi ujumbe wa sauti, dakika moja na nusu, nikautuma kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kwa sababu nimegundua bango hulisoma mimi niliyelitengeneza. Nilisema: majirani zetu wenye nchi hii wana msiba wa zamani ambao haujaanuliwa. Jumamosi tarehe 24 Mei, Anti anakuja kutusimulia. Tuje na chai na kitu cha kutafuna. Hapatakuwa na maombezi, wala hakuna posho. Hicho kipande cha mwisho kilichekesha watu, wakautuma mbele zaidi.

Walikuja zaidi ya hamsini, viti vikaisha. Tulikuwa na mandazi, sombe, na dagaa wa kukaanga. Anti alileta mkate wao wa majivuni, ila ulikuwa umeokwa kwenye oveni, akatuomba tusimwambie mtu.

Alianza kwa kutukaribisha kwenye nchi yake. Hapa mikutano mingi hufunguliwa kwa maneno ya namna hiyo. Akiwa ni mwenyeji anakaribisha, na akiwa mgeni ndiye anayesema, anawataja wenye ardhi na wazee wao. Watu wetu huyasikia kwenye mikutano ya shule na kudhani ni sala ya serikali. Nilipotafsiri nilisema tu: huyu ametuambia karibu, na yale maneno mnayoyasikia kila siku ni hodi. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe miaka yote tunaingia bila hodi!" Nilimtafsiria Anti naye, na neno hodi akaliandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu.

Halafu alisimulia kuhusu mto. Tarehe 4 Februari 1939 watu wake waliokuwa wakikaa Cummeragunja, kituo cha serikali upande wa pili wa mto Murray, ambao wao huuita Dhungala, walichoka na chakula haba na ubabe wa msimamizi. Wakafunga vitu vyao, zaidi ya mia moja na hamsini, wakavuka mto wakaingia Victoria. Wengine walifika hadi huku, wakajenga vibanda vya magunia na mabati kwenye bonde kati ya Mooroopna na Shepparton, mahali palipokuwa pakifurika kila mto ukijaa. Wakachuma matunda.

Sikuhitaji kueleza zaidi. Chumba kizima kilikuwa ni watu waliovuka maji usiku na mabunda kichwani, wakakaa chini ya maturubai, na leo wanachuma peasi zile zile. Mzee mmoja aliuliza ulikuwa mto mpana kiasi gani. Anti akamwambia. Mzee akatikisa kichwa: "Si kama ziwa letu, lakini maji ni maji." Wakahamia kwenye samaki. Robo saa nzima nilitafsiri migebuka upande mmoja na samaki wakubwa wa Murray upande wa pili, na kila mmoja akionyesha urefu kwa mikono. Ratiba yangu ikafa hapo na sikuisikitikia.

Kipande cha haki nilikiogopa, kikawa kifupi na kizito. Wayorta Yorta walikwenda mahakamani kudai nchi yao. Mwaka 1998 jaji alisema wimbi la historia limeshaifuta mila yao, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ikawakatalia rufaa. Jaji aliyapa uzito zaidi maandishi ya mlowezi mmoja wa karne ya 19 kuliko masimulizi ya wazee waliosimama mbele yake. Sheria ilitaka waonyeshe kwamba hawakuachana na mila zao, wakati waliowaachanisha ni serikali yenyewe. Nilipomaliza kutafsiri hakuna aliyeuliza kitu. Kila mtu mle ndani amewahi kuhojiwa kambini, mara tatu, mara nne, jina la bibi yako, rangi ya mlango wenu, na faili likarudishwa kwa sababu maneno yako hayakufanana na karatasi.

Mbele kidogo shemasi wetu, yule yule, alisimama. Nikajua ameanza. Lakini safari hii alisema, "Dada, mwambie Anti kwamba Wabelgiji nao walifanya hivyo kwetu." Akaeleza habari za watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mkongo, wakanyang'anywa mama zao na kuwekwa misheni. Ni kweli: waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi mwaka 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kuwachukua wanawake watano waliofungua kesi, walipokuwa watoto, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Anti hakuwahi kulisikia jambo hilo. Aliniomba nirudie mwaka.

Kina mama ndio walioleta lile ambalo sikulipanga. Mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli kwamba hata leo watoto wanachukuliwa. Sote tulijua haulizi historia. Kwenye jamii yetu hofu ya kunyang'anywa mtoto ni kubwa kuliko hofu ya baridi, mtu anaogopa hata kumpeleka mtoto hospitali akiwa na jeraha la kuanguka. Anti alisema ndiyo, na kwamba watoto wa kwao bado wanachukuliwa zaidi kuliko watoto wengine. Kisha akawafundisha mambo ya maana kuliko yote niliyoandaa: akija mtu mlangoni muulize jina na ofisi yake, omba mkalimani, usitie saini usichokielewa, tafuta wakili wa msaada wa bure mapema. Siku ile ile wanawake sita walijiandikisha kujitolea kusindikiza wenzao kwenye ofisi. Posho hawakuulizia.

Siwezi kusema kila kitu kilikwenda sawa. Vijana walikaa nje na simu zao. Mtu mmoja aliuliza kwa ukali, kama kweli nchi inataka upatanisho, kwa nini Oktoba 2023 watu sita kati ya kumi walikataa wenyeji wa asili wapewe chombo cha kulishauri bunge. Sikuwa na jibu, na Anti akasema anaulizwa sana swali hilo, mara nyingi na watu waliopiga kura ya hapana.

Jumatatu asubuhi, tarehe 26, kumi na wawili kati yetu tulikwenda kwenye ibada ya moshi. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Majani mabichi ya mkalitusi yalikuwa yakifuka ndani ya bakuli la chuma, na watu walipita mmoja mmoja wakijivutia moshi mwilini kwa viganja, kama mtu anavyojifukiza ubani. Yule mzee wa goti alikuwepo na mkewe, safari hii bila chupa.

Anti alimwona anavyochechemea. Akamsogelea, akamwambia neno alilokuwa amejifunza Jumamosi: "Pole."

"Asante, Shangazi. Nimeshapoa."

"Mwongo," mkewe akasema. "Usiku kucha analalamika."

Anti akaniuliza mzee amejibu nini. Nikamweleza kwamba kwetu ukiambiwa pole, unajibu umeshapoa. Akalitazama bakuli, akaongeza jani moja.

"Mimi bado," akasema, akanipisha nipite kwenye moshi.