Chakula cha kuficha

"Aa. Chakula cha kuficha." Ndivyo alivyosema mavyaa Ijumaa usiku, akajipangusa jibini kwa ncha ya leso, akaomba chai. Basi, hakuongeza. Watu wakacheka, Baba Nuru akiwa wa kwanza, nami nikacheka nao, na tangu hapo moyo haujatulia.

Chanzo ni Omari, yule mpwa wetu wa Minneapolis, Marekani. Alinitumia sauti ndefu akinisimulia baga za huko, jibini haiwekwi juu, hutiwa ndani ya nyama. Kuna baa mbili kwenye barabara moja, Cedar Avenue, Matt's Bar ya tangu 1954 na 5-8 Club, na kila moja yadai kuwa ndiyo iliyozianzisha. Omari mwenyewe hajazila huko, nyama si ya halali. Hununua kima kwa Wasomali, nao wamejaa tele upande mwingine wa barabara hiyohiyo, akajipikia kwake.

Jibini kwetu Malindi si shida, Wataliano wametujazia friji za supamaketi. Lakini Parmigiano ni kavu, haitiririki, na mozzarella mbichi ina maji mengi. Nikachukua vile vipande vya mraba vya kufungwa kimoja kimoja, ambavyo Mtaliano hata hatupi jicho. Hutiwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta na maji visiachane, ndiyo maana vikipata moto huwa rojo.

Bucha nilimwambia asiniondolee mafuta, akadhani sijui nyama. Sehemu moja kwa tano iwe mafuta, la sivyo baga hukauka. Thomu na dania sikutia, maana hapo ishakuwa kababu. Chumvi nilinyunyiza juu tu, wakati wa kukaanga, kwa kuwa ukiikanda mapema na kima nyama hukaza. Unatandaza vipande viwili vyembamba, vipana kuliko skonzi kwa sababu vitanywea, jibini katikati, kingo unazibana hasa. Moto wa wastani. Ukishageuza, toboa kitundu juu mvuke upate pa kutokea. Kisha lazima ungoje, jibini ya ndani huunguza ulimi.

Na hapo kwenye kungoja ndipo yalipoanzia.

"Mama, ngoja kidogo, ndani kuna moto."

"Ndani kuna nini?"

"Jibini, mama."

"Mbona haionekani?"

"Imo ndani."

"Aa. Chakula cha kuficha."

Mnaojua bangili zangu ziko wapi, na karo ya Nuru ilitoka wapi, mtaelewa kwa nini nalirudia neno hili hata nikiwa kazini na faili mkononi. Jicho lake lilipita kwenye mkono wangu mtupu, au nimelipitisha mimi baadaye, usiku, nikiwa kitandani? Ile "aa" ilikuwa ndefu au fupi? Nimemuuliza Baba Nuru, akaniambia mama yake alikuwa anatafuna. Wanaume! Wiki hiihii bavyaa amepasuliwa jicho salama, alhamdulillahi, na ofisini tumeletewa mkubwa mpya, nami nawaza baga.

Jana adhuhuri mtoto wa wifi akabisha hodi na bakuli tupu. "Bibi asema, zile za kuficha zimebaki?"

Hazikubaki. Nilitoa kima kwenye friza, nikapika nikiwa bado na baibui. Jioni simu ikalia, mavyaa mwenyewe.

"Mama Nuru, baba yenu kazimaliza. Namwambia ale taratibu, kuna siri ndani, hasikii. Ndevu zote jibini!"

Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Akaniagiza nitie pilipili mbichi pamoja na jibini, na Omari naye aambiwe. Wazo zuri, nitalijaribu. Halafu, kwa sauti ileile, akaniuliza kama kwenye harusi ya kina Zuhura nitavaa dhahabu au fedha.

Nikamwambia stima imepotea, nitampigia.

Isitoshe, ule mnazi wa uani umeinamia mabati ya jirani, umezaa kupita kiasi mwaka huu, na mkwezi hashiki simu. Kuna dafu moja limekaa juu kabisa ya pale anapolaza mtoto wake mchana. Kama kuna mwenye namba ya mkwezi mwingine, hata wa Mambrui, anitumie leo.