Laptopu ya Skuli ya Wete na Chaja Isiyotambulika

Laptopu ilikuwa ya skuli moja ya Wete, Pemba, na aliyeniletea niitengeneze ni mwalimu wa taaluma aliyehifadhi humo matokeo ya mitihani ya miaka yote. Ilikuwa Septemba 2025. Microsoft walikuwa wametangaza zamani kwamba Windows 10 itakoma kupewa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba, na Mwalimu kila akijaribu kuhamia Windows 11 anajibiwa kwamba kompyuta yake haifikii masharti. Keshaambiwa na mtu Chake Chake kuwa mashine imeshapitwa na wakati, anunue nyingine.

Haikuwa kweli. Prosesa ilikuwa Intel Core i5-8250U, kizazi cha nane, na kwa upande wa Intel orodha ya Windows 11 inaanzia hapo, ukiacha chache za kizazi cha saba. RAM ilikuwa GB 8 na sharti ni 4. Diski GB 256 na sharti ni 64. Kilichobaki ni mambo matatu ambayo yote yanakaa kwenye fimwea, ile programu iliyomo ndani ya chipu ya mazabodi: UEFI, yaani mtindo mpya wa kuiwasha kompyuta; Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha mfumo usiotambulika; na TPM 2.0, sehemu inayotunza funguo za siri za mashine.

Nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika msinfo32, dirisha la taarifa za mashine. Mstari wa hali ya BIOS (jina la kawaida la fimwea na mipangilio yake) ulisema Legacy, yaani mtindo wa kale wa kuwasha, na fimwea yenyewe ilikuwa ya 2018, haijaguswa tangu kiwandani. Nikafungua tpm.msc, dirisha la kukagua TPM: hakuna TPM iliyopatikana. Hali hii naiona sana kwenye laptopu za mtumba. Muuzaji ana diski moja aliyokwisha kuitayarisha, anainakili katika mashine zote, na nakala hiyo mara nyingi ni ya MBR, mpangilio wa kale wa kuigawa diski. Ili iwake inabidi azime UEFI na awashe Legacy. Na TPM 2.0 haifanyi kazi katika Legacy. Kwa hiyo mashine nzima, mpya kiasi, inajieleza kwa Windows kama kompyuta ya mwaka 2009.

Kuna vijana wanaoruka ukaguzi huu kwa kubadilisha rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, au kwa flashi iliyotengenezwa kuupita. Inawezekana, na Windows 11 inaingia. Ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa hivyo, na kwa prosesa inayokubalika sioni sababu yoyote ya kupita dirishani wakati mlango upo.

Niliingia kwenye BIOS. Kitufe hutegemea aliyeitengeneza: Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Nashukuru haikuwa na nywila ya msimamizi. Laptopu nyingi za makampuni ya nje huja nayo, na kung'oa betri ndogo ya saa hakusaidii kitu, maana nywila huwekwa kwenye chipu isiyohitaji umeme kukumbuka. Kwenye ukurasa wa usalama nilikuta PTT, hiyo TPM ya Intel iliyomo ndani kwa ndani, imezimwa. Nikaiwasha, nikahifadhi. Nikirudi naikuta imezimwa tena. Maelezo ya matoleo kwenye tovuti ya mtengenezaji yalitaja hitilafu hiyohiyo kuwa imerekebishwa katika toleo la baadaye. Basi ikabidi fimwea isasishwe kwanza. Ipo sababu nyingine ya kufanya hivyo mapema: vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda wake Juni 2026, na fimwea mpya ndiyo njia mojawapo ya kupata vinavyovirithi.

Faili la fimwea hulingana na namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini; herufi moja ikitofautiana, programu inakataa. Yetu ililingana, lakini ilikataa vilevile. Betri ilikuwa asilimia 4, na sharti lake ni chaja iwe imechomekwa na betri nayo iwe na akiba.

Chaja ilikuwa imechomekwa. Taa inawaka. Asilimia haipandi.

"Hiyo betri ishakufa, baba," Mwalimu akasema. "Hukaa hivyohivyo usiku kucha."

Nikaandika powercfg /batteryreport na kufungua ripoti. Uwezo wa betri ulikuwa umepungua kidogo tu kulinganisha na ule wa kiwandani. Betri nzima. Nikarudi BIOS, ukurasa wa umeme, na hapo ndipo jambo lilipokaa wazi: aina ya chaja, haijulikani. Chaja nyingi za kichwa cha duara zina pini nyembamba katikati, ambayo haipitishi umeme wa kazi. Inaipelekea laptopu taarifa ya chaja ni ya wati ngapi. Pini ikivunjika, au chaja ya bei nafuu ikiwa haina chipu hiyo, laptopu inawaka lakini inagoma kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa ili isizidishe mzigo. Mwalimu alikuwa amelalamikia pia uzito wa mashine, kwamba inakwenda polepole. Uzito na betri vilitoka kwenye waya mmoja.

Ofisi ya jirani walikuwa na chaja halisi ya aina hiyo, 19.5V na 3.34A, yaani wati 65. Tulipoichomeka, BIOS ikaandika 65 W na asilimia zikaanza kupanda. Tukaiacha ijae kabisa. Umeme wa Pemba huvuka bahari kwa waya kutoka Tanga tangu 2010, na kukatika kwake hakupigi hodi. Fimwea ikikatizwa katikati ya kuandikwa, mazabodi huweza isiwake tena mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa maalumu.

Kabla ya kuanza niliandika amri ya manage-bde -status kuhakikisha diski haina BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski. Ingekuwa nayo, ningeisitisha kwanza, la sivyo mashine ingeamka na kudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hakuna mtu skuli pale angekuwa nao. Nikaendesha sasisho. Skrini ikawa nyeusi, feni ikavuma kwa nguvu zote, na Mwalimu akanyosha mkono kwenye kitufe.

"Ishazima!"

"Haijazima, Mwalimu. Tusiiguse."

Iliwaka yenyewe, toleo jipya, na PTT safari hii ilikubali kubaki.

Diski ndiyo iliyotaka subira zaidi. Huwezi kuhamia UEFI huku diski bado ni MBR. Ukifanya hivyo, mashine inasema haina cha kuwashia, na dawa ni kurudisha Legacy tu. Kwenye dirisha la amri la msimamizi niliandika mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS, yaani nikaiuliza programu ya kuitoa diski MBR kwenda GPT, mpangilio unaotakiwa na UEFI, kama inawezekana. Ikakataa. Programu hii hukubali diski yenye sehemu kuu zisizozidi tatu, nasi tulikuwa nazo nne: ya kuwashia, C, ya uokoaji na D. Matokeo ya mitihani yote yalikuwa D. Tukayanakili kwenye diski ya nje, Mwalimu akafungua mafaili mwenyewe moja moja kuhakikisha yanafunguka, kisha nikaifuta D. Validate ikapita. Nikabadilisha neno hilo kuwa convert, ikamaliza haraka, nikaingia BIOS moja kwa moja na kuchagua UEFI peke yake.

Secure Boot niliiwasha, lakini msinfo32 bado ilisema imezimwa. Hii huwababaisha wengi. Funguo ambazo Secure Boot hutambulia mfumo zilikuwa zimefutwa na mmiliki wa mwanzo, na bila funguo swichi haina kazi. Upo mstari wa kurejesha funguo za kiwandani. Ukiuchagua na kuhifadhi, kwisha.

Faili la ISO la Windows 11, yaani nakala nzima ya diski yake ya kusakinishia, nilikuwa nimelipakua usiku kwa bando. Sikulihamishia kwenye flashi: unalibofya mara mbili ndani ya Windows, linafunguka kama diski, unaendesha setup na kuchagua kubakisha mafaili na programu. Baadaye nikaitengeneza D upya, nikarudisha matokeo, na nikaandika reagentc /enable, maana sehemu ya uokoaji huachwa imezimwa mara nyingi baada ya kubadilisha mpangilio wa diski.

Mwalimu alikuwa na laptopu ya pili mkobani, ya ofisi ileile. Prosesa i5-6300U, kizazi cha sita. Hiyo hakuna fimwea itakayoisaidia. Nikamweleza kwamba mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa masasisho kwa watumiaji binafsi wakati huo ulikuwa unafika 13 Oktoba 2026 tu, na kwamba kwa kuandikia barua Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, ingemtosha. Akaniuliza kama printa yao ingekubali. Tukaichomeka tukajaribu kwa flashi ya majaribio yenye Linux; ikachapa.