Tenki langu la kwanza la mraba liliniunguzia mchicha

Mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua na Dar nzima tukawa tunalala macho tukisubiri bomba litoe, ndio ulionitia kwenye habari za matenki. Nilikuwa na matuta manane ya mchicha na chainizi huku Chanika, na pesa ya simtanki sikuwa nayo. Nikayakumbuka yale matenki meupe ya mraba yenye kizimba cha vyuma, ambayo ukipita Barabara ya Nyerere unayaona yamepangwa nje ya maghala. Yanabeba lita 1,000, na niliyoulizia yalikuwa karibu nusu ya bei ya simtanki la ujazo huo. Tena nikajiona mwerevu: kitu ambacho kingeishia dampo la Pugu, mimi nakipa kazi.

Kwa asiyeyajua, hilo ni chupa moja kubwa ya plastiki ngumu iliyokaa ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma yenye zinki, juu ya paleti ya mbao, plastiki au chuma. Tupu lina uzito wa kama kilo 60. Yanaingia nchini yamejaa malighafi za viwanda, kuanzia mafuta ya kula na glukosi mpaka gundi, rangi na asidi. Mzigo ukishatumika, tenki linabaki limekaa uani kwa mwenye kiwanda likila nafasi, mpaka atokee mtu wa kuliondoa.

Nilimkuta kijana mmoja ana matano. Nikamuuliza yalibeba nini.

"Sabuni tu, dada. Ukisuuza mara moja umemaliza."

Kibandiko kilikuwa kimekwanguliwa kwa kisu. Chini ya koki, vyuma viwili vya kizimba vilikuwa vimeliwa na kutu mpaka vimekuwa vyembamba kama spoku, wakati vyuma vingine vyote viling'aa. Nililiona hilo kabisa. Sikujiuliza kwa nini kutu ichague pale tu. Nikalipa, likapandishwa kwenye Kirikuu, tukaondoka.

Nyumbani nililisuuza nilivyoambiwa. Povu likatoka, likajaa uwanja, likamfuata jirani hadi barazani kwake. Kesho yake nikasuuza tena, povu lilelile. Siku ya tatu nikachoka, nikalijaza maji, nikafungua mpira kwenye matuta. Baada ya siku chache mchicha ulianza kuwa mweupe pembezoni mwa majani, kisha kahawia, kisha ukalala. Matuta matano kati ya manane. Chainizi ilistahimili kidogo, lakini nani angeila?

Nilirudi kwenye lile tenki na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasugua pale kibandiko kilipokuwa. Gundi ilipotoka, kivuli cha tarakimu kikaonekana: 2586. Nikaitafuta kwenye simu. Ni namba ya Umoja wa Mataifa ya asidi za sulfoniki, ndiyo malighafi ya sabuni ya maji. Kwa hiyo kijana hakunidanganya sana. Ilikuwa "sabuni" kabla haijawa sabuni, ingali asidi. Matone yaliyodondoka kwenye koki ndiyo yaliyokula zinki na chuma.

Nikaenda Gerezani kwa fundi wa kuchomelea ambaye hununua vizimba vitupu na kuvigeuza meza na mageti. Nilitaka anishauri jinsi ya kulisafisha. Akacheka.

"Dada, tenki halisafishwi kwa maji. Linasafishwa kabla hujalinunua. Soma karatasi, karatasi isipokuwepo, acha."

Huyo ndiye aliyenifundisha kulisoma bamba la chuma lililoko mbele ya kizimba. Ukiona 31HA1, hiyo 31 maana yake ni chombo kigumu cha vimiminika, H ni plastiki, A ni chuma cha pua au chochote, alisema yeye. Baadaye nikagundua alikuwa sahihi yote: A ni chuma cha feleji cha aina yoyote. Mbele yake kuna mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Chupa ya plastiki inaruhusiwa kubeba kemikali za hatari kwa miaka 5 tu tangu siku hiyo, na ndiyo sababu mengi hutolewa viwandani yakiwa bado mazima kabisa kwa macho. Kibandiko cha pembe nne chenye fuvu, usiliguse hata kama unapewa bure. Chenye mkono unaodondokewa na kitu kinachoula, ni kama langu. Chenye moto, fundi mwenyewe hakati kizimba chake mpaka chupa itolewe nje, maana cheche ya grainda ikikutana na mvuke uliobaki ndani, hakuna cha kusimulia.

Kwenye mabamba hayo utakuta majina kama Schütz, Mauser, Werit. Schütz wa Ujerumani wana utaratibu wa kuyafuata matenki matupu kwa wateja, wakabadilisha chupa, kizimba kikaendelea na safari. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Langu limevuka bahari, limetumika mara moja, na sasa mtu wa kulifuata ni mimi na Kirikuu.

Mara ya pili sikwenda barabarani. Nilikwenda kuulizia kwa watu wanaofanya kazi kwenye viwanda vya vyakula, nikapata mawili yaliyobeba glukosi, karatasi zake bado zimebandikwa, kifuniko bado kina lakiri iliyokatwa. Niliyaosha kwa maji moto kidogo kidogo mara tatu, nikiyageuza kila upande, badala ya kuyajaza mara moja. Maji machache mara tatu yanatoa uchafu mwingi kuliko kujaza pomoni mara moja, na unabaki na lita chache tu za kutafutia pa kumwaga. Haya yangu nilimwaga kwenye shimo la mboji. Kosa dogo: nilisahau koki. Sukari iliyobaki kwenye koki ilileta sisimizi, halafu nyuki, na kwa wiki nzima tulichota maji saa kumi na moja alfajiri kama wezi. Fungua koki, itoe mpira wake, sugua kwa mswaki.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo sikuitegemea. Lita 1,000 za maji ni tani moja, na mchanga wa Chanika hauna simile. Tenki la kwanza la glukosi niliweka juu ya matofali yaliyopangwa tu. Mvua ikanyesha usiku, asubuhi limeinama kama mzee anayesikiliza. Tukalimwaga lote, tukachimba, tukamwaga zege. Ukiweza liinue, maana kila sentimita unayolipandisha ndiyo nguvu ya maji kwenye mpira. Na kabla hujamwita fundi bomba, tafuta adapta. Koki ya matenki haya ina nyuzi nene za milimita 60 ambazo hazioani na fitingi zetu za inchi mbili. Fundi wangu alilazimisha kwa raba ya tyubu ya baiskeli, likavuja miezi miwili.

Bati langu lina kama mita 60 za mraba. Kila milimita moja ya mvua inatoa lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo masika si jambo la ajabu, inajaza tenki moja na kubaki, hata ukitoa yanayoruka na yale ya mwanzo yenye vumbi na mavi ya ndege unayoyaacha yapite. Matenki mawili nimeyaunganisha kwa chini. Kifuniko nimekiwekea chandarua cha nailoni, maana Dar tumeshaona dengi, 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda hasa maji yaliyotulia ya nyumbani. Maji haya ni ya bustani, kuku na kufulia. Kunywa hatunywi.

Plastiki nyeupe inapitisha mwanga, na ndani ya wiki mbili maji yalikuwa kijani kama juisi ya mlonge. Nikapaka rangi nyeusi. Plastiki hii haishiki rangi. Ikabanduka magamba magamba, yakaanguka kwenye matuta. Nikapata wazo zuri, kwa maoni yangu ya wakati ule: ile mifuko mikubwa ya tani moja inayokuja na mbolea. Fundi cherehani akanishonea magauni mawili ya matenki. Yalipendeza. Msimu mmoja wa jua ukayafanya nyuzi nyuzi, na nikawa naokota plastiki kwenye udongo kwa vidole. Yaani nilikuwa nimechukua taka moja kubwa inayoshikika nikaigeuza vipande elfu visivyoshikika. Nikavua yote. Sasa upande wa jua nimeegemeza mabati chakavu, na upande wa pili mpasheni umekipanda kizimba wenyewe na kukifunika chote.

Tenki la nne nililopata chupa yake ilipasuka. Hiyo nikaikata kwa msumeno: nusu ya chini ni hori la mbuzi wa jirani, vipande vingine nikawauzia wasagaji wa plastiki. Wanaiangalia alama ya pembe tatu yenye namba 2, wanatupa kipande majini kuona kama kinaelea, wanapima. Kizimba kilikwenda Gerezani, paleti inabeba pumba za kuku.

Na lile la asidi? Lilikaa pembeni ya choo mwaka mzima, nimelichora alama ya X nyekundu. Wasagaji walinusa wakakataa. Watu waligonga geti kulitaka la maji, nikawaeleza lilibeba nini, na wapo waliosema haidhuru. Mwosha magari mmoja alifurahi kabisa: "Si vizuri, litatoa povu lenyewe." Nikamnyima.

Mwishowe alikuja mama mmoja wa kikundi cha kutengeneza sabuni ya maji. Wao sulfoniki hiyohiyo ndiyo wanayonunua, kwa madumu, na walitaka chombo cha kuitunzia. Nikamwonyesha. Akalizunguka mara moja, akainama moja kwa moja chini ya koki, akagusa vile vyuma viwili.

"Kizimba kimeliwa hapa, mwanangu. Punguza."

Nikapunguza.