Haliendewi kwa miadi

Babu yangu alikuwa mvuvi Kizimkazi. Ukimuuliza lini anakwenda Fungu, atakujibu, "Fungu haliendewi kwa miadi," na mazungumzo yamekwisha hapo. Fungu Kizimkazi ni kisiwa kidogo, tambarare, mbali huko kusini ya Unguja. Wenyewe ni ndege. Babu alisubiri maleleji, bahari ilale, ndipo siku moja alfajiri anatoweka na wenziwe, na bibi hajui kama mumewe amekwenda mpaka aambiwe mashua haipo.

Mimi nina miadi. Iko kwenye barua pepe, imeshalipiwa, zaidi ya euro 100 kwa kichwa: wiki ya pili ya Juni, kutoka bandari ya Portmagee, kusini-magharibi ya Ayalandi, kwenda Skellig Michael. Kila nikiifungua barua ile namsikia babu akikohoa.

Skellig Michael ni jabali lililochomoza baharini, kama kilomita 12 kutoka pwani ya jimbo la Kerry, kilele chake mita 218. Hakuna ufukwe wa mchanga, ni mwamba mtupu uliochongoka. Juu yake, baina ya karne ya 6 na ya 8, walihamia watawa wa Kikristo waliotaka kuwa mbali na watu, na wakakaa vizazi na vizazi. Mwaka 824 hivi Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walikuja wakamteka mmoja wao, Étgal, akafa kwa njaa mikononi mwao. Hilo halikuwahamisha wenzake. Walikuja kushuka kwenda bara mwishoni mwa karne ya 12 au mwanzoni mwa ya 13.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonishika. Msikiti wetu wa Dimbani, Kizimkazi, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kwa hiyo wakati fundi anachonga herufi zile kwetu, huku kwenye jabali kulikuwa na watu wanaamka usiku wa manane kusali, upepo unawapiga. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Nimefanya kazi ya uuguzi mjini Cork, hapa Ayalandi, miaka sita, na hakuna kitu cha nchi hii kilichonivuta kama hicho.

Kupata nafasi ni kazi. Boti zenye kibali cha kushusha watu ni 15, kila moja abiria 12, kwa hiyo siku nzima hawazidi 180. Msimu unaanza katikati ya Mei na kumalizika mwisho wa Septemba. Ukingoja mpaka jua la Julai likushawishi, umechelewa. Nafasi huisha miezi kabla. Mimi na mwenzangu wa wodini, dada mmoja wa Kerala, India, tulibadilishana zamu na nusu ya hospitali ili likizo zetu ziangukie siku moja. Yeye Mkristo, anataka kuona walikosali watawa. Mimi nataka ndege. Tumekubaliana asinihubirie, nami nisimshikie darubini usoni.

Mwaka jana tulijaribu. Tuliendesha gari kwa muda wa karibu saa tatu kutoka Cork, tukalala Portmagee, asubuhi ujumbe ukaingia: bahari imechafuka, safari hakuna, fedha mtarudishiwa. Nilitoka nje kuangalia. Jua linawaka, maji ya bandarini kama ya kwenye sinia! Mwenzangu akasema wanatudanganya. Nikamwambia hapana, hapa tumekingwa. Tatizo liko kule. Kwenye jabali hakuna gati la kutulia. Boti inasogea kwenye ngazi za mawe, inapanda na kushuka na mawimbi makuu ya Atlantiki, na wewe unaruka pale inapopanda. Mjukuu wa mvuvi anajua wimbi kama hilo halihitaji upepo wa leo. Linatoka dhoruba ya juzi, maelfu ya kilomita huko.

Tukavuka daraja kwenda kisiwa cha Valentia. Huko nikayaona majabali yote mawili kwa darubini. Lile dogo, Little Skellig, lilikuwa jeupe kama nyumba iliyopakwa chokaa juzi. Nikadhani ni kinyesi, na kweli kipo, lakini weupe mwingine ulikuwa unaruka. Ni ndege wanaoitwa ganeti, kiasi cha jozi 35,000, moja ya makoloni makubwa kabisa duniani. Kule hairuhusiwi kushuka mtu; boti hupita karibu tu. Ganeti ni mweupe, ncha za mbawa nyeusi, kichwa kina umanjano, na hujitupa majini kama mkuki. Wale ndege weupe wakubwa wa Fungu, ambao babu aliwafuata kujua samaki walipo, ni ukoo mmoja naye. Hilo nilipolisoma nilimtumia mjomba picha. Akajibu: "Huyo wetu, kavaa koti tu."

Juni nimeichagua kwa ajili ya pafini, ndege mdogo mwenye mdomo wa rangi rangi kama aliyepakwa kwa ajili ya harusi. Anataga yai moja tu, shimoni ardhini, na mwanzoni mwa Agosti huwa ameshaondoka. Anayekwenda Septemba ataona mashimo.

Sasa ngazi. Ni 618, mawe yaliyopangwa na watawa wenyewe, na sehemu kubwa haina cha kushikilia. Mwaka 2009 watu wawili walianguka wakafa, kila mmoja kwa wakati wake. Hili nililisema kwa mwenzangu wakati tumeshalipa, na bado ananilaumu. Tangu Machi tunapanda ngazi za hospitali mpaka ghorofa ya nne na kushuka, mara kumi, baada ya zamu.

Juu kuna vijumba sita vya mawe vyenye umbo la mzinga wa nyuki, na vyumba viwili vya kusalia. Hakuna udongo wala chokaa iliyoshikanisha. Kila safu ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko ya chini yake mpaka zikakutana juu. Nje duara, ndani pembe nne. Mimi nimezaliwa penye mawe ya matumbawe na chokaa, na najua nyumba yetu isipotiwa chokaa mvua chache tu inaanza kumeguka. Hivi vimesimama zaidi ya miaka elfu, mvua ya Ayalandi ikivipiga. Wallahi nataka kuingiza mkono kwenye zile nyufa, kama mwelekezi ataniruhusu.

Mkoba wa mgongoni tayari. Mikono lazima iwe mitupu. Viatu vya kukamata mwamba, suruali ya mvua, mtandio wa kuvaa kichwani moja kwa moja, maana wa pini nimeujaribu pwani na upepo ukauchukua. Duka halipo kisiwani, basi maandazi, tende, chupa ya maji, na tangawizi pamoja na vidonge vya kichefuchefu. Ndiyo, mjukuu wa mvuvi anatapika baharini. Kibla nimeshakipima: kutoka kule ni mashariki ikipinda kusini, yaani nitaelekea nchi kavu. Tunapewa kama saa mbili na nusu tu juu, na adhuhuri huenda ikaingia tukiwa hukohuko.

Safari hii tumekodi chumba usiku mbili badala ya mmoja, na nahodha ametuandika pia kwenye orodha ya akiba ya kesho yake.

Mama alipiga simu juzi. "Lini mnakwenda huko kwenye jiwe lenu?"

Tarehe ilikuwa mdomoni. Nikamwambia bado tunaangalia bahari.